Ukiona Mikono Miwili Juu, Simama

Tabitha, binti yangu,

Sikuulizi hali, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukigombana na zipu ya begi. Kesho asubuhi utapanda basi la Manyoni, nami nitabaki hapa Nkuhungu na mdogo wako na kuku wangu. Mambo ya kula, kulala, kusali na watu wa kuwaepuka sitayagusa. Shangazi yako ameyamaliza yote, na mengine ameyarudia. Mimi nina jambo moja tu. Naliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo sauti itapanda, nawe utasema, "Mama ameanza," na tutaagana vibaya.

Ni lile neno ulilosema Jumapili, ndugu walipokuja kukuaga. Mjomba wako alikutania kwamba huko barabarani utaishia kushika kibendera kama mama yako. Ukajibu, "Mimi naenda kuendesha tipa, mjomba. Kupunga mikono wampe asiye na kazi." Watu wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu wageni walikuwa bado wanakula na sikutaka kuharibu shughuli yako. Lakini tangu siku hiyo naosha vyombo kwa hasira hadi vikombe viwili vimepasuka.

Si wewe niliyekukasirikia zaidi. Neno hilo hukulitunga. Nimelisikia kwa madereva, kwa mafundi, kwa wakubwa wa saiti, tena kwa maneno hayo hayo, na kuna mwanamke unayempenda sana anayetembea kwa gongo kwa sababu ya neno hilo. Unajua kwamba Mama Mdogo Elizabeti alikanyagwa na gari. Unajua pia kwamba mimi nilifukuzwa kazi. Lakini habari hizo ulizipata kwa majirani, vipande vipande, ukiwa bado shule ya msingi. Kabla hujashika usukani wa watu, zisikie kutoka kwangu.

Kazi ile sikuitafuta. Nilikuwa nikienda Makutupora kila msimu wa zabibu, na msimu ukiisha nakaa. Miaka ile ambayo mji huu ulianza kujengwa kila upande, wizara zikihamia, ofisi zikipanda kama uyoga, nilisikia kwamba saiti moja upande wa Mtumba wanachukua vibarua wanawake. Nikaenda. Nilibeba maji, nikabeba matofali. Kisha siku moja kiuno kilinikaza, nikashindwa kuinama. Fomeni akaniangalia, akasema, "Huyu mpeni kibendera."

Hebu lifikirie neno hilo, Tabitha. Mtu aliyeshindwa kubeba ndoo ndiye anayepewa roho za watu azishike. Aliyeumwa, aliyetoka kujifungua, ndugu wa mpishi aliyeombewa nafasi, wote hao walipewa kibendera. Wakati huohuo dereva anaulizwa leseni, daraja lake, na miaka aliyoendesha. Mimi hakuna aliyeniuliza hata kama macho yangu yanaona mbali.

Aliyenifundisha ni Elizabeti. Mtu wa Mvumi, mrefu, mwenye mikono mirefu kuliko ya mwanamume, na kila asubuhi alizunguka kwa madereva wote akiwaamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," hata wale wasioijua lugha. Nilidhani ni uchangamfu tu. Baadaye akanieleza kwamba anataka kila dereva aione sura yake kabla injini hazijawashwa, ili mtu akiangalia kwenye kioo asione koti la njano tu, amwone Elizabeti.

Alinisimamisha nyuma ya kibanda cha stoo akanifundisha kama anavyofundishwa mtoto kwaya. Mkono mmoja juu, kiganja kwa dereva, simama. Mikono miwili imekunjwa, viganja vinakuja kifuani polepole, njoo mbele. Viganja vinasukuma kutoka kifuani, rudi nyuma. Mkono umenyooka ubavuni, elekea upande huu. Mikono imeshikana kifuani, tumemaliza. Na mikono miwili juu kabisa, viganja vyote mbele, hatari, simama papo hapo hata kama hujui sababu. Hiyo ya mwisho alinirudisha nirudie hadi mabega yakaniuma. Nilimuuliza mbona hiyo tu. Akasema nyingine zote dereva akizikosea gari linakwenda mrama, lakini hii akiikosea kuna mtu anakufa.

Nilikosea mapema nikajifunza mapema, namshukuru Mungu kosa langu lilikuwa dogo. Lori la saruji lilikuwa linarudi nyuma, vumbi likatanda, nikawa sioni nyuma ya lori. Badala ya kulisimamisha nikaendelea kuliita, nikijiambia kwamba sekunde iliyopita palikuwa wazi. Lori likaingia kwenye banda la mama lishe. Maharage yote ya saiti yakamwagika chini. Mama lishe mwenyewe alikuwa ameenda kuchota maji. Watu walicheka siku nzima, mimi siku nzima niliangalia pale anapokaa kupika. Tangu hapo, nisipoona, nasimamisha. Nilitukanwa sana kwa tabia hiyo, na sijutii tusi hata moja.

Matusi yalikuwepo, mwanangu. Kuna madereva walituita wacheza ngoma. Wengine walitupigia honi makusudi ili turuke. Mmoja alikuwa akinipita bila kuniangalia, anarudi nyuma kwa kioo chake mwenyewe, akifika anashuka na kuniuliza kama nimechoka. Na Fomeni, sitalitaja jina lake, alikuwa na ugonjwa mbaya kuliko wote. Yeye alipenda kuongoza magari mwenyewe. Popote alipokuwa, akiona gari limesimama, anapunga mkono, njoo, njoo, hata kama yuko mbali na haoni kilicho nyuma ya gari. Elizabeti alimwendea kwa heshima zote. Alimwamkia kwanza, kisha akamwomba kwamba gari moja liwe na mwongozaji mmoja, kwa sababu dereva akiona watu wawili atamfuata mkubwa. Fomeni akamjibu kwamba saiti ni yake na mikono ni yake.

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi, unaujua upepo wetu wa kiangazi. Boza la kumwagia maji barabara za saiti lilikuwa limepelekwa kwingine, na vumbi jekundu lilikuwa linasimama hewani kama ukuta. Asubuhi Elizabeti aliomba magari yasubiri mpaka boza lirudi. Fomeni akamuuliza mbele ya watu kama yeye ni mgeni Dodoma hata aogope vumbi. Kulikuwa na foleni ya matipa ya moramu getini, na kila tipa likisimama alikuwa anaona kama anasimamishwa yeye.

Dereva wa tipa lile aliitwa Shabani, mtu wa Kondoa. Nataka umjue. Hakuwa mlevi wala mkorofi. Hakuwahi kutuita wacheza ngoma. Alipoona nimebeba kitu kizito alishuka akanisaidia. Alikuwa analeta moramu ya kujazia kando ya msingi, na ilimbidi arudi nyuma kwenye njia nyembamba, ukuta upande huu na rundo la nondo upande ule. Elizabeti alisimama mahali pake sahihi, upande wa kushoto wa gari, anapoonekana kwenye kioo. Mimi nilikuwa ng'ambo ya msingi naongoza gari jingine, na nilikuwa nimelisimamisha, kwa hiyo niliona.

Nyuma ya tipa, kwenye vumbi, alitokea mzee mmoja wa kufunga nondo. Aliinama kuokota waya. Mashine ya kuchanganya zege ilikuwa inanguruma pembeni yake, asingeweza kusikia king'ora cha gari linalorudi nyuma. Elizabeti akamwona. Akainua mikono yote miwili juu, viganja mbele, mikono yake ile mirefu. Niliiona toka nilipokuwa. Gari likasita. Nakuapia, Tabitha, lilisita.

Upande wa kulia, Fomeni alikuwa amesimama juu ya rundo la mchanga. Akaona gari limesita. Akapunga mkono, njoo, njoo.

Na gari likaja.

Elizabeti angeweza kubaki alipokuwa. Alikuwa salama. Aliingia nyuma ya gari mbio, akamsukuma mzee yule akaangukia kwenye nondo, na alipogeuka kutoka, tairi likampata mguu. Sitakuandikia nilichosikia. Nilipofika Shabani alikuwa ameshashuka, ameshika kichwa, na Fomeni alikuwa anapiga kelele akiuliza nani amemruhusu mwanamke huyu kuingia nyuma ya gari.

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Mwanamke amelala kwenye vumbi na yeye anauliza nani amemruhusu.

Walimpeleka hospitali kubwa mjini. Mguu haukuokolewa. Nilipoingia wodini siku alipoanza kuongea, sikujua niseme nini, nikawa nazungumzia uji niliomletea. Akanikatiza. Akauliza, "Yule mzee wa nondo alipona?" Nikamwambia alichubuka kiwiko tu. Akafumba macho, akasema vizuri, kisha akaomba uji.

Sasa nikwambie kilichonichoma zaidi ya tairi. Asubuhi iliyofuata ajali tulikusanywa wote. Fomeni alisimama mbele yetu akasema kwamba Elizabeti aliacha mahali pake, akaingia sehemu isiyoruhusiwa, na kwamba ajali ile iwe fundisho kwa wanaopenda kuzurura nyuma ya magari. Kuzurura. Hakutaja kwamba gari lilikuwa limesimamishwa. Hakutaja mkono wake. Watu wote walikuwepo. Niliwaangalia mmoja mmoja, wale tuliokula nao maharage kila siku, na kila niliyemwangalia aliangalia viatu vyake. Mzee wa nondo naye aliangalia viatu vyake. Simlaumu, ana familia. Hapana, naandika uongo. Namlaumu mpaka leo.

Nikanyoosha mkono. Fomeni akajifanya hanioni, nikasema hivyo hivyo.

"Elizabeti alilisimamisha gari. Wewe ukaliita."

Akaniuliza, "Nani amekuuliza?"

"Hakuna," nikamwambia. "Na angepaswa kuwepo wa kuniuliza."

Fomeni akacheka kidogo, akasema watu warudi kazini. Jioni nilipokwenda kurudisha koti niliambiwa nisirudi kesho yake. Kibarua changu kikaota nyasi hivyo, mwanangu, si kwa sababu kazi iliisha, wala si kwa sababu mama yako ana mdomo mrefu kama baba yako mkubwa anavyopenda kusema. Nilifukuzwa kwa kusema nilichokiona, na kuona ndiyo kazi niliyokuwa nimeajiriwa kufanya.

Nilikaa nyumbani nikiwa na uchungu ambao hauna pa kwenda. Nilikwenda ofisi ya kazi, afisa akanisikiliza vizuri, lakini akaniambia kwamba mimi peke yangu sitoshi, watasema nilikuwa mbali na vumbi lilikuwa zito. Nikarudi. Nikaanza kuuza mboga hapo njiani, na kila tipa lilipopita nililitukana kimoyomoyo.

Kisha Jumapili moja Shabani alikuja hapa. Wewe ndiye uliyekuja kuniita, ukisema kuna mtu getini hataki kuingia. Nilimkuta amesimama, amevua kofia. Nilijua anachotaka kusema, au nilidhani najua. Nilidhani atasema hakumwona Elizabeti. Vumbi, kioo, jua machoni. Nilikuwa tayari kumsamehe kwa hilo, nilikuwa nalisubiri, kwa sababu jambo lisiloonekana mtu anaweza kulisamehe.

Akasema, "Mama, niliwaona wote wawili."

Sikuelewa mara moja. Akarudia kwamba alimwona Elizabeti kwenye kioo cha kushoto, mikono juu, akamwona Fomeni kwenye kioo cha kulia, anaita. Alisimama. Akafikiri. Akajiambia yule wa kushoto ni mshika bendera, na yule wa kulia ndiye anayeweza kumfukuza kazi.

Tabitha, nyumba yetu haijawahi kumnyima mgeni maji. Siku ile sikumpa Shabani maji. Nilimwacha amesimama juani na nilimwambia mambo ambayo sikujua kwamba ninayajua. Nilimwambia Elizabeti hakuwa anapunga mikono, alikuwa anamwambia kwamba kuna binadamu nyuma yake. Nilimwambia cheo hakioni nyuma ya gari. Alilia, na machozi yake hayakunigusa. Nikamwambia kama amekuja kutua mzigo wake kwangu, aubebe arudi nao Kondoa. Kama amekuja kusema, mimi siye wa kuambiwa.

Akajifuta uso kwa kofia yake. Kisha akaniuliza ofisi ya kazi inafunguliwa saa ngapi.

Tulikwenda wote kesho yake. Na alipoitwa mara ya pili, Fomeni akiwa amekaa mbele yake kwenye kiti, Shabani alisema yale yale bila kupunguza, tena akaonyesha kwa mikono yake mwenyewe, huyu alifanya hivi na huyu alifanya hivi. Fomeni akasema vumbi lilikuwa zito. Afisa akamuuliza, kama lilikuwa zito, kwa nini aliliita gari? Kampuni ilibidi imtibu Elizabeti mpaka mwisho na kumpa haki yake, na neno lile la kuzurura likafutwa. Shabani alipoteza kazi. Alijua atapoteza, na hilo ndilo lililonifanya nimpe maji hatimaye, tulipotoka ofisini, kwenye duka la ng'ambo.

Fomeni hakufukuzwa. Alihamishiwa saiti nyingine, na nasikia ni kubwa kuliko ile. Hakuomba radhi kwa Elizabeti wala kwa mtu yeyote. Mpaka leo nikipita karibu na jengo lile, lina vioo na bustani na mlinzi anayesalimia vizuri, navukia upande wa pili wa barabara. Watu wanasema nisamehe. Nitasamehe siku nitakayoombwa.

Elizabeti amerudi kwao Mvumi, unamjua, ndiye anayekufungia karanga kila ukienda. Hana uchungu kama wangu. Ananiambia mimi ndiye niliyekanyagwa, siyo yeye. Labda ni kweli. Lakini Jumapili uliposema lile neno, nilimwona yeye kwanza. Nikamwona amesimama kwenye vumbi, mikono juu, na ndani ya gari ameketi mwanangu mwenyewe anachagua kioo cha kuangalia.

Kinachoniudhi, Tabitha, ni kwamba Shabani alikuwa mtu mwema. Angekuwa mbaya ningekwambia tu usiwe mbaya, na wewe si mbaya, tungelala. Lakini wema wake haukumsaidia chochote muda ule, kwa sababu alikuwa ameshapimiwa zamani nani ni mtu na nani ni kibendera. Wewe umeanza kupimiwa hivyo hivyo. Jumapili nilikusikia.

Kwa hiyo huko uendako, siku ya kwanza, kabla hujawasha gari, shuka. Mtafute anayekuongoza. Awe bibi, awe mtu aliyepewa kazi hiyo kwa sababu mgongo unamuuma, mwamkie kama inavyompasa na ujue jina lake. Mkubaliane ishara zenu, maana kila saiti ina vituko vyake. Ukiwa unarudi nyuma na ukampoteza kwenye kioo, simama, usisubiri kuambiwa. Watu wawili wakikupa ishara mbili, simama, ushuke, uulize. Na yeyote akiinua mikono miwili juu, hata mpita njia, hata mlevi, hata mtoto anayecheza, simama kwanza ndipo uulize.

Watakutukana. Wewe ni msichana kwenye tipa, watakutukana hata usiposimama. Kuna mkubwa atakuja na simu sikioni, atagonga mlango wa gari, atakuuliza unangoja nini, atakukumbusha kwamba foleni iko getini na madereva wako wengi. Najua wakati huo utafikiria begi hili unalofunga sasa, nauli, na shangazi yako atakavyosema. Funga breki ya mkono hivyo hivyo.

Na wakikufukuza kwa sababu ulisimama, usikae huko ukijificha, usiniletee habari kwa simu kwa sauti ya chini. Panda basi urudi mchana kweupe, ushuke na begi lako kichwani. Mimi nitatoka nikupokee kwa vigelegele kama bibi harusi, na majirani wakiuliza binti amefaulu nini, nitawaambia kuna mtu huko Manyoni amerudi nyumbani kwake jioni akiwa mzima, na hajui ni kwa nini.

Mama yako,
Yudith